Fremu ya Kabati la Ukutani Inapokataa Kukaa: Dalili na Vyanzo Vyake

Kabati la kujengea ukutani, liwe la jikoni au la nguo, lina sehemu mbili ambazo macho huziona kama kitu kimoja: sanduku la nyuma, ambalo huku kwetu huwa la plaiwudi au la matofali na zege, na fremu ya mbao inayofunika kingo za sanduku hilo na kubeba bawaba za milango. Kwa kuwa fremu ndiyo iliyo mbele, kila kasoro huonekana juu yake, na fundi aliyeitwa kurekebisha huanza kuihangaikia hata pale ambapo haina kosa lolote. Katika kazi nilizoitiwa Mbeya mjini, Uyole na hadi Makambako, fremu yenyewe ilikuwa na kosa mara chache. Mara nyingi zaidi chanzo kilikuwa ukuta uliolala, sanduku lililojipinda, au mbao iliyofungwa ikiwa bado na maji ndani yake.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kopo la puti, chukua pimamaji, timazi, guni (kipimo cha pembe mraba), tepu ya kupimia na uzi, kisha muulize mwenye nyumba swali moja: kasoro hii ilikuwepo siku kabati lilipokabidhiwa, au ilijitokeza baadaye? Kilichokuwepo tangu mwanzo ni cha vipimo na ufungaji. Kilichojitokeza baadaye mara nyingi ni cha mbao, gundi au unyevu.

Pengo kati ya fremu na ukuta

Umbo la pengo hili hueleza chanzo chake hata kabla hujapima. Pengo linaloanza na unene wa karatasi juu na kuishia na unene wa kidole chini, au kinyume chake, linaonyesha kwamba ukuta haukusimama wima. Pengo linalopanuka na kubana kama wimbi ni la lipu: ukuta ni wima kwa jumla, ila mkono wa aliyepiga lipu uliacha matumbo na mabonde. Pengo lenye upana ule ule kutoka juu hadi chini, ambalo mwenye nyumba anaapa kwamba halikuwepo, ni la mbao iliyosinyaa, na hilo nitalieleza katika sehemu inayofuata.

Hakikisha kwa timazi. Ining'inize kutoka juu, uzi wake ukiwa milimita 50 kutoka ukutani, kisha pima umbali huo katikati na chini. Ukikuta milimita 43 chini, ukuta umeingia chumbani kwa milimita 7 kadiri unavyoshuka. Kosa ambalo wengi hufanya hapo ni kuilaza fremu ifuate ukuta. Pengo litatoweka, lakini bawaba zitakuwa zimelala pamoja na fremu, na mlango utaanza kujifungua wenyewe kila mtu anapopita jikoni. Fremu isimame wima siku zote, na ukingo wake ndio ukatwe ufuate ukuta.

Kazi hiyo inawezekana tu ikiwa ubao wa wima wa upande wa ukuta uliachiwa ziada, yaani unazidi ubavu wa sanduku kwa milimita 12 hadi 20. Ishikilie fremu mahali pake kwa klampu, ikiwa wima kabisa na ikiwa imegusa ukuta pale ulipojitokeza zaidi. Fungua bikari kwa upana wa pengo pale lilipo kubwa kuliko kwingine, weka ncha ya chuma ukutani na penseli kwenye fremu, kisha ishushe taratibu kutoka juu hadi chini. Siri ipo kwenye kifundo cha mkono: miguu ya bikari lazima ibaki katika mstari mmoja wa mlalo muda wote, kwa sababu ukiizungusha kidogo tu unapokutana na tumbo la lipu, mstari wa penseli utadanganya mahali hapo hapo unapouhitaji zaidi. Kata kwa msumeno ukiuacha mstari uonekane, kisha malizia kwa randa ndogo ukiinamisha ukingo kuelekea nyuma, ili sehemu ya mbele pekee ndiyo iguse ukuta. Ukingo ulioinamishwa hivyo unarekebishika kwa kukwangua kidogo tu, ilhali ukingo mnene wa milimita 20 hupigana na kila chembe ya mchanga iliyo kwenye lipu. Jaribu kwa karatasi ya daftari. Ikikataa kuingia, umemaliza.

Kama ziada haikuachwa, usilazimishe. Chonga kipande chembamba cha mbao ile ile, kikate kifuate ukuta kwa bikari, na ukigandishe juu ya pengo. Sioni aibu yoyote katika kipande hicho. Aibu ni kulijaza pengo la milimita 6 kwa puti ya plasta, ambayo itapasuka mwaka huo huo. Pengo lisilozidi milimita 2 au 3 linaweza kuzibwa kwa kijazio cha mpira kinachokubali rangi. Silikoni ya kawaida haikubali rangi, na ukishaipaka, hata atakayekuja baada yako atapata tabu.

Viungo vya fremu vinavyofunguka baada ya miezi

Jambo hili nilifundishwa na jiko moja la Uyole. Nilifunga fremu mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, kwa mbao za paini zilizokuwa zimeshushwa siku mbili tu kabla kutoka Mafinga. Viungo vilibana hata wembe usingepita. Mwezi Septemba mama mwenye nyumba alinipigia simu na, baada ya kuitikia shikamoo yangu, akasema, "Fundi, kabati lako limeanza kucheka." Nilipofika nilikuta kila kona imeachia, na upande wa ukuta kuna ufa wa karibu milimita 2 kutoka juu hadi chini. Hakuna msumari uliokuwa umelegea. Mbao zilikuwa zimekauka tu, kama zilivyopaswa kukauka kabla sijazigusa.

Paini inayouzwa katika nyanda za juu kusini, sehemu kubwa ikitoka kwenye mashamba ya Mufindi yakiwemo ya Sao Hill, ni ya aina iitwayo patula, na inapotoka kwenye mashine ya kupasulia hubeba maji mengi kuliko inavyoweza kubaki nayo ndani ya nyumba. Chini ya kiwango cha unyevu wa karibu asilimia 30, kila asilimia moja inayopotea huupunguza ubao upana kwa karibu robo ya asilimia moja, hasa ukiwa umepasuliwa ubapa, yaani miviringo ya mti ikilala sambamba na uso wa ubao. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Chukua ubao wa fremu wenye upana wa milimita 70 uliofungwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20, ukashuka hadi asilimia 12: umepoteza karibu milimita 1.4. Fremu yenye mbao mbili za wima za namna hiyo hupungua karibu milimita 3 kwa jumla ya upana, na pengo la ukutani linapatikana bila ukuta kusogea. Mlingoti, ambao wengine huuita mkaratusi, husinyaa na kujipinda zaidi ya paini. Mninga ni mtulivu kuliko zote nilizozitaja, ila bei yake si ya kila jiko.

Kama kona zilikatwa kwa mshazari wa nyuzi 45, kiungo chenyewe kitakuambia mbao imepitia nini. Ufa ulio wazi upande wa ndani wa kona, huku nje pakiwa pamebana, unaonyesha kwamba mbao imesinyaa. Ufa ulio wazi upande wa nje unaonyesha kwamba imevimba, yaani ilifungwa ikiwa kavu kisha ikapata unyevu. Ufa wenye upana sawa tangu ndani hadi nje ni wa gundi au wa klampu. Kwa fremu za kupakwa rangi mimi niliacha mshazari zamani. Ubao wa mlalo ukikutana na wa wima kwa pembe mraba, kusinyaa hakuna pa kujionyesha sana.

Kwa kazi iliyofuata sikutaka tena kuamini maneno ya kwamba "mbao hizi ni kavu, fundi". Nilikata kipande sentimita 30 kutoka mwisho wa ubao, kwa sababu ncha hukauka mapema na zingenidanganya, nikakipima kwenye mizani ya jikoni: gramu 286. Nikakiweka kwenye jiko la kuokea kwa joto linalozidi kidogo nyuzi 100 za Selsiasi, nikikipima kila baada ya saa kadhaa hadi uzito ukaacha kushuka kwenye gramu 240. Tofauti ni gramu 46. Gawanya kwa 240, unapata asilimia 19. Mbao hiyo haikuwa tayari. Kwa fremu ya ndani ya nyumba Mbeya au Iringa, natafuta kati ya asilimia 10 na 13, na nikishafika hapo naziacha mbao wiki mbili ndani ya nyumba ile ile zitakamofungwa, zikiwa zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite.

Jihadhari pia na mbao zilizotiwa dawa ya kijani kwa ajili ya mapaa. Dawa hiyo husukumwa ndani ya mbao pamoja na maji, kwa hiyo hata ubao uliokuwa mkavu hurudi ukiwa umelowa, na aina ya dawa yenye aseniki haifai kupigwa msasa ndani ya jiko.

Marekebisho hutegemea msimu. Kutoka Mei hadi Oktoba mbao hukauka, na kutoka Novemba hadi Aprili hurudisha unyevu. Ukijaza ufa wa Oktoba kwa puti ngumu, Februari mbao itavimba na kuisukuma puti nje. Kama fremu imeshakauka na ufa ni mdogo, fungua kiungo, kwangua gundi yote ya zamani hadi uone mbao, kwa maana gundi mpya haishiki vizuri juu ya gundi iliyokwisha kuganda, kisha gandisha upya kwa klampu. Kama ufa unazidi milimita 2, kata ncha upya, na ufidie upana kwa kipande cha upande wa ukuta.

Fremu isiyovutika hadi kwenye sanduku

Hapa skrubu imekaza hadi bisibisi inateleza, lakini unyuzi wa mwanga unapita kati ya fremu na ukingo wa plaiwudi. Fundi huongeza skrubu ya pili, na mwanga unabaki. Chanzo ni meno ya skrubu kung'ata mbao zote mbili kwa wakati mmoja: fremu na sanduku vinashikiliwa vikiwa mbali kama vilivyokuwa mwanzo, na nguvu yoyote utakayoongeza haitavisogeza. Toa skrubu, panua tundu la kwenye fremu pekee lipite skrubu bila kushikwa, milimita 4.5 kwa skrubu ya milimita 4, na kwenye sanduku uache tundu la milimita 2.5. Irudishe skrubu, utaona fremu ikijivuta yenyewe na gundi ikichungulia pembeni.

Kama matundu yako sawa na bado kuna mwanga, weka rula ya chuma kwenye kingo za sanduku. Mara nyingi rafu ya katikati huwa imejitokeza kwa milimita moja mbele ya mbavu, na fremu nzima inapanda juu yake. Irande rafu, usiipinde fremu.

Fremu iliyoshika vizuri kisha ikabanduka yenyewe inataka uchunguzi wa gundi. Tazama sehemu zilizoachana. Ukiona mbao tupu yenye rangi kidogo ya gundi, ukingo wa plaiwudi uliinywa gundi yote. Safari ijayo paka mara mbili, ya kwanza iache dakika chache inyweke, ndipo upake ya pili na kubana. Ukiona utando wa gundi unaong'aa na umebaki mzima upande mmoja, ilikuwa imeshakauka kabla ya kubanwa, au ulipaka juu ya rangi au vanishi. Ukiona unga mweupe kama chokaa, tatizo ni baridi. Gundi nyeupe ya mbao inayochanganyika na maji haijengi utando wake sawasawa kwenye baridi kali. Nyingi hutaka joto la angalau nyuzi 10 za Selsiasi, na asubuhi ya Juni au Julai huko Njombe na Makete kibanda cha useremala hakifiki hapo. Na hesabu ni ya joto la mbao, si la hewa tu: ubao uliolala nje hubaki baridi muda mrefu baada ya jua kuchomoza. Katika miezi hiyo naingiza mbao na gundi ndani tangu jana yake, nagandisha saa sita mchana, na naacha klampu hadi kesho yake.

Fremu inayofungwa kwenye matofali

Jikoni kwingi huku sanduku si la mbao kabisa. Mwashi husimamisha viguzo vya matofali, humwaga bamba la zege juu yake, na seremala huletwa mwisho afunge fremu na milango. Dalili kuu hapa ni skrubu inayozunguka bila kukaza, au fremu inayotikisika baada ya wiki chache za kufungua na kufunga milango.

Chomoa plagi moja ya plastiki, ile inayoshika skrubu ukutani, uitazame. Ikitoka na unga wa mchanga mtupu, ilikuwa imekaa kwenye lipu, ambayo haibebi mzigo. Hesabu urefu wa skrubu upya: fremu milimita 20, lipu milimita 15 au zaidi, na ndani ya tofali angalau milimita 40, jumla milimita 75. Skrubu ya milimita 50 ambayo wengi huizoea kwenye plaiwudi haifiki popote hapa. Ikitoka na unga mwekundu, na tundu limekuwa pana kuliko plagi, ulitoboa tofali la kuchoma kwa mtikisiko wa nyundo ya mashine. Matofali yetu mengi ya kuchoma ni laini, na yanataka mashine izunguke tu bila kugonga. Ikiwa ilikaa kwenye udongo au saruji kati ya tofali na tofali, sogeza tundu sentimita chache hadi katikati ya tofali. Usiliokoe tundu bovu kwa kijiti cha kiberiti. Sogea, na uzibe lile la zamani.

Katikati ya fremu na ukuta, kila penye skrubu na penye mwanya, weka kabari nyembamba kabla ya kukaza. Bila kabari, skrubu itauvuta ubao uingie kwenye bonde la lipu, nawe utakuwa umetengeneza tatizo linalofuata.

Mlango unaogusa ilhali ulikatwa sawasawa

Usirande mlango kwanza. Pima nafasi ya fremu pembe kwa pembe. Nafasi yenye upana wa milimita 900 na kimo cha milimita 720 inapaswa kukupa karibu milimita 1,153 pande zote mbili; ukipata tofauti ya milimita 6, fremu imelala upande kwa karibu milimita 4, na hakuna bawaba itakayoficha hilo. Legeza skrubu za upande mmoja, isukume kona ya kile kipimo kirefu hadi vipimo vilingane, weka kabari, kaza tena.

Vipimo vikilingana na mlango bado unagusa kona moja tu huku kona ya pili ikijitokeza mbele, fremu imejipinda. Vuta nyuzi mbili kutoka pembe hadi pembe zikipishana katikati: zikigusana bila kukandamizana, fremu iko sawa, zikiachana, kona moja iko nyuma au mbele mara mbili ya mwanya unaouona katikati. Tafuta kona iliyovutwa na ukuta, ilegeze, iwekee kabari. Hapa ndipo kabari iliyosahaulika kwenye ukuta wa matofali hudai deni lake.

Kasoro ndogo ndogo

Ncha ya ubao ikipasuka kwa msumari, msumari ulipigwa karibu mno na mwisho bila kutobolewa njia. Kata kichwa cha msumari wa ukubwa ule ule, ufunge kwenye keekee, uutumie kutobolea. Kwa mlingoti na mninga usipige hata mmoja bila hivyo. Msumari uliotokea ubavuni mwa sanduku ulifuata nyuzi za mbao, na dawa ni kuuchomoa mara moja kabla gundi haijashika.

Droo inayogota kwenye ukingo wa fremu kwa kawaida husababishwa na plaiwudi iliyoandikwa milimita 18 ambayo ukiipima unakuta haijafika hapo. Pima kila shiti kabla ya kukata fremu, wala usiamini mhuri.

Madoa ya njano yanayorudi juu ya rangi nyeupe ni utomvu wa mafundo ya paini. Koti la tatu la rangi halitayazuia. Yakwangue, yafute kwa spiriti, yapake shelaki (vanishi inayozuia utomvu) mara mbili, ndipo upake rangi.

Ubao wa chini unaogeuka mweusi na kuvimba hunywa maji ya kudekia kupitia upande ambao haukuwahi kupakwa chochote, yaani ule unaotazama sakafu. Ufungue, uache ukauke kabisa, upake rangi pande zote sita pamoja na ncha, na unapourudisha uuinue milimita 5 kutoka kwenye vigae. Kule Tukuyu, ambako mvua hazikatiki sana na ukuta wenyewe hupitisha unyevu, ongeza ukanda wa nailoni kati ya mbao na tofali kabla ya kufunga.